Sakafu ya Niru Chini ya Daraja

Mama yangu mdogo alikuwa na sharti moja tu la kutoa kipande cha shamba lake kipitishwe daraja: ningu wapite kama walivyopita siku zote. Wasipopita, alisema, atabomoa kwa mikono yake mwenyewe. Alisema hivyo mbele ya mkutano wa kitongoji, amesimama, khanga imekazwa kiunoni, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa wamewahi kumwona akiwa na sururu.

Kwa msomaji asiyewajua, ningu ni samaki wa ziwa letu, mwenye mdomo mnene unaotazama chini. Anaishi ziwani lakini hatagi ziwani. Mvua za kwanza zinapoteremsha maji ya udongo kutoka vilimani, yeye huyasikia hukohuko aliko, hugeuza kichwa na kuanza kupanda vijito mpaka afike kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Huko hutaga, kisha hurudi ziwani. Juu kidogo ya nyumba ya mama mdogo kulikuwa na bonde la majani la namna hiyo. Akina mama wa pale waliwatega kwa migono, ile mitego mirefu iliyosukwa kama vikapu, na waliwatega wakati wanashuka, si wakati wanapanda. Nikiwa msichana nilimuuliza mama mdogo kwa nini tunawaacha wapite mbele ya macho yetu, wakubwa namna ile. Akanijibu, "Ana mzigo tumboni huyo. Ungependa nani akukamate ukienda kujifungua?"

Alikuwa amefiwa na mume kitambo, na ningu wa kukaushwa kwa moshi ndio waliokuwa wakimvusha miezi ya njaa, pale ambapo ghala limebaki vumbi na mahindi mapya bado ni majani. Tena walikuwa wamekwisha kupungua. Ziwa lilikuwa limejaa sangara, samaki wanaokula samaki wengine, na kila mwaka migono ilirudi myepesi zaidi. Kwa hiyo sharti lake halikuwa la kujishaua.

Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini. Ilikuwa miaka ile ambayo ofisi nyingi za umma zilipunguza watu, nami nilikuwa fundi sanifu wa barabara, nimezoea kupima mitaro na kusimamia makalavati. Nilirudi nyumbani kwangu Pasiansi, mjini Mwanza, na koti langu la mvua na futi kamba, nikaanza kuuza barafu na maandazi kama wenzangu wote. Mama mdogo aliposikia hakunipa pole. Alituma ujumbe kwa muuza nyanya mmoja kwamba sasa nina nafasi, niende nikawajengee daraja.

Kitongoji chao kilikuwa upande wa ziwa, ukishuka kutoka Buhongwa. Kati yao na barabara ya Shinyanga kulikuwa na kijito hicho. Zamani halikuwa jambo kubwa. Lori la ushirika lilikuja mara moja kwa msimu kuchukua pamba, refu, la magurudumu makubwa, likavuka maji bila kuuliza. Soko huria lilipoingia, kila mwenye pikapu ya mtumba akawa mnunuzi. Walikuja wa pamba, wa nyanya, wa samaki, hata wa ngozi. Lakini pikapu zao zilikuwa fupi na madereva wao wana haraka. Mtu alifika ukingoni, akatazama maji, akapiga honi mara moja kana kwamba kijito kitasogea, akageuza. Nyanya ziliendelea kupanda kichwani mwa akina mama hadi barabarani, na zilizofika sokoni Mkuyuni zilikuwa zimekwisha kuwa mchuzi.

Nilipofika, mkutano ulikuwa umekwisha kuamua pa kujenga. Walinipeleka kunionyesha: kivuko cha ng'ombe, mahali papana, pametandazwa na kwato, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Ng'ombe wametuchagulia," alisema mfugaji mmoja, akinyoosha fimbo. "Miaka yote wanavuka hapa. Ng'ombe si mjinga, mhandisi."

"Shikamoo, baba. Mimi si mhandisi, ni fundi sanifu."

"Marahaba. Sawa, mhandisi."

Nilikubaliana naye kwamba ng'ombe si mjinga. Ila ng'ombe huchagua pa kunywea. Anapenda maji yaliyotanda na kingo zilizolala, na hapo ndipo pabaya pa kuweka daraja la mawe. Ukijenga mahali papana itakubidi ama ujenge daraja refu ambalo hamna uwezo nalo, ama uyabane maji yapite kwenye tundu dogo. Na maji yakibanwa hukasirika. Hupita kwa kasi, huchimba upande wa chini, na mvua moja kubwa huzunguka daraja na kuliacha limesimama peke yake katikati ya mto, halivushi mtu. Nilikuwa nimeyaona mengi ya namna hiyo kazini, mazuri, yamepakwa chokaa, yanavusha mijusi tu.

Basi tukatembea ukingoni. Hii ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote, na ningemshauri yeyote anayetaka kujenga kivuko aifanye polepole, ikiwezekana mara mbili. Unatafuta mahali kijito kimenyooka, kwa sababu kwenye kona maji hula ukingo wa nje. Unatafuta mahali pembamba kwa asili yake, si kwa kubanwa na wewe. Unatafuta ardhi ngumu pande zote mbili. Na unaangalia alama ya mafuriko: majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka, juu kuliko unavyotarajia. Hayo majani hayadanganyi.

Mahali hapo tulipapata. Miamba miwili ya Mwanza, mviringo kama migongo ya viboko, imekaa uso kwa uso na kijito kinapita katikati juu ya mchanga na mawe madogo. Mwenyekiti wa kitongoji alishangilia. Kisha akatazama juu, akaona bustani ya mchicha na nyanya chungu, na akashusha mikono, kwa sababu alijua ni ya nani. Ndipo ulipofanyika ule mkutano wa sharti la ningu.

"Nawapa njia," alisema mama mdogo. "Nawapa na mchicha uliomo njiani, mle. Lakini ningu wangu wapite."

"Watapita, mama," alisema mwenyekiti.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwanangu aliyesoma mambo ya maji."

Wote wakanigeukia. Nikamwambia inawezekana kabisa, tena si kwa gharama zaidi, ila kwa kufuata taratibu. Kwanza tulikwenda ofisi ya maji mjini, maana maji ya kijito si mali ya mtu ambaye kijito kinapita shambani kwake, na huwezi kuyajengea bila walioko chini na juu kujua. Bwana maji alikuja kwa pikipiki, akatembea nasi. Alisema yale ambayo mimi ningeyasema, lakini kwa sababu alikuwa na kofia ya serikali yalisikika mapya. Tujenge kiangazi, maji yakiwa kamba nyembamba. Tusikate matete na vichaka vya kingo ila pale tu njia inapopita, kwa sababu mizizi ndiyo inayoshika udongo. Tusichimbe mchanga na mawe ya kijito chenyewe karibu na daraja. Saruji isichanganywe wala vyombo visioshwe majini, kwa kuwa maji ya saruji huwasha mashavu ya samaki na kuwaua. Na barabara isimwage matope yake moja kwa moja kijitoni. Kabla ya kufika darajani ichimbiwe mitaro ya kupeleka maji ya mvua pembeni, kwenye majani, yachujwe kwanza.

Kuhusu ningu, tukakubaliana kutoweka bomba. Bomba la kalavati ndilo rahisi, lakini mara nyingi huwekwa juu kidogo kuliko kitanda cha kijito, na baada ya misimu michache maji hudondoka upande wa chini kama bomba la jikoni. Ningu si mruka juu. Hufika hapo akazunguka na kuishia hapo. Sisi tungejenga tao la mawe, limekanyaga miamba miwili, na kitanda cha kijito tungekiacha kama kilivyo, na mchanga wake na mawe yake. Samaki apite asijue kwamba juu yake kuna kitu kimejengwa.

Tatizo lilikuwa mbao. Tao la mawe haliwezi kusimama hewani kabla halijafunga, linahitaji kitu cha kulishikilia kwa chini, chenye umbo la tao lenyewe. Mbao za kazi hiyo hatukuwa nazo. Mama mdogo akamtazama shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mvuvi mwenye asili ya Ukerewe, mtu wa vichekesho. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduliwa mbele ya nyumba kwa muda mrefu. Viwanda vya minofu vilikuwa vinataka sangara wakubwa wa mbali, na waliokuwa na mashine na barafu ndio waliokuwa wakiwafikia.

"Shemeji," alisema mama mdogo, "huo mtumbwi wako umelala tangu lini?"

"Haujalala. Unapumzika."

"Kama mwenyewe."

"Mwenyewe nikipumzika unaleta uji. Mbona mtumbwi huuletei?"

"Mimi nauletea kazi. Utabeba daraja mgongoni."

Alifikiri anataniwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuzunguka ule mtumbwi na futi kamba yangu. Mitumbwi ya ziwa letu ina mkuku, uti wa mbao unaopita chini kwa urefu, na ubavu wake unapanda kwa mshazari. Ukiupindua unapata tao lililochongoka juu kidogo, lenye mbavu za kulishikilia kila hatua. Fundi seremala yeyote angetoza pesa nyingi kutengeneza umbo zuri namna ile.

"Nitaupata tena?" aliuliza mvuvi, sasa bila mzaha.

Nikamweleza. Tungeuinua juu ya magogo na kabari, katikati yake tu ndiyo ibebe mawe, ncha zibaki nje huku na huku. Pale tumbo linapopungua tungejaza udongo na majani ili tao liwe na upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Tao likishakomaa tunatoa kabari, mtumbwi unashuka kiasi cha shubiri, tunauvuta kutoka. Wakati wote huo kijito kingeendelea kupita chini yake.

"Kwa hiyo utaelea tena majini," alisema, "ila bila mimi."

"Ndiyo maana utakuwa salama," alisema mama mdogo.

Kiangazi kile kilikuwa cha furaha. Watu walipasua mwamba kwa njia ya pale Mwanza: unawasha moto wa magogo juu ya jiwe, linapata joto, kisha unamwaga maji na unasikia linalia na kupasuka. Wengine walitaka kuwasha kwa matairi chakavu, yanashika moto haraka, nami nikawaomba hapana, si hapo juu ya kijito, maana ule weusi wake wote ungeshuka na mvua ya kwanza. Walinung'unika kidogo, wakaenda kutafuta magogo. Watu wakielezwa sababu hunung'unika kidogo tu.

Mwashi mmoja kutoka Mkuyuni aliongoza upangaji. Mawe yalipanda kwa usawa pande zote mbili, jiwe kushoto, jiwe kulia, ili mtumbwi usilemewe upande mmoja. Siku ya kupigilia jiwe la katikati juu kabisa, mvuvi alikaa ndani ya mtumbwi wake, chini ya daraja, akisikiliza mbao. Kila nyundo ilipopigwa alipaza sauti, "Bado mzima!" na watu walio juu wakajibu, "Nani, mtumbwi au wewe?"

Tulipoutoa baadaye, ulitoka na mchubuko mmoja tu ubavuni. Tao lilibaki. Mwenyekiti alikwenda juu yake, akaruka ruka, akatuambia sisi turuke pia. Nikaona kazi yangu imekwisha, nikarudi Pasiansi kwa watoto wangu na barafu zangu, hadi siku ya ufunguzi.

Sasa, kulikuwa na saruji iliyobaki.

Hapo lazima nikuambie kitu kuhusu akina mama wa kwaya ya pale, ambao mama mdogo alikuwa mmoja wao. Walikuwa watu safi. Nyua zao zilifagiwa mistari kila asubuhi, na waliokuwa na nyumba za saruji walikuwa na sakafu za niru, yaani ile saruji laini ya juu, inayosuguliwa mpaka unaona kivuli chako. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua daraja. Wakachungulia chini ya tao. Wakaona mchanga, mawe yamekaa ovyo, kamba za mwani, na kaa mmoja. Waliona aibu. Wanaume walikuwa wamepasua mwamba, mvuvi alikuwa ametoa mtumbwi, na wao waliona hawajachangia kitu cha kuonekana.

Wakaugeuza ule uzi wa maji pembeni kwa viroba vya mchanga. Wakaondoa mawe. Wakafagia. Wakamwaga zege jepesi, wakapiga niru juu yake, na mama mdogo akaisugua kwa jiwe la mviringo hadi ikang'aa. Kisha wakaondoa viroba, na kijito kikapita juu ya sakafu kama maji yaliyomwagika sebuleni.

Nilipofika asubuhi ya ufunguzi, walinishika mkono, wote wanacheka, wakanishusha kunionyesha.

"Umeona?" alisema mama mdogo. "Hata bibi harusi angepita hapa."

Ilikuwa sakafu nzuri kweli. Nilianza kwa kuwaambia hivyo, na sikuwa nawadanganya. Halafu nikakaa juu ya jiwe, nikawaita wakae, nikawaeleza. Kijito chenye mawe kina vyumba. Nyuma ya kila jiwe maji hupunguza mwendo, na samaki anayepanda hukimbia kutoka chumba hiki hadi kile, akipumua katikati. Sakafu laini haina chumba hata kimoja. Maji hayana cha kuyazuia, hukimbia, tena hutandaa yakawa membamba, mgongo wa samaki ukabaki nje. Anaogelea kwa nguvu zake zote na hasogei, au anasogea kidogo, anachoka, anarudishwa.

"Anateleza?" aliuliza mama mmoja, mnene, mwenye sauti ya tatu katika kwaya.

"Ndiyo, anateleza."

"Samaki?" Aliwageukia wenzake. "Samaki anateleza! Si ndiyo kazi yake tangu azaliwe?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, ungekuwepo ungecheka. Lakini mama mdogo alicheka nusu tu. Alikuwa anaitazama sakafu.

Nikasema ipasuliwe kabla ya mvua, nitawasaidia. Mwenyekiti akasema mgeni rasmi yuko njiani, hatuwezi kumfungulia bomoabomoa. Mgeni alipokuja alichungulia chini, akasifu usafi, akala kuku, akaondoka. Jioni nikarudia tena ombi langu. Akina mama wakatazamana. Ni vigumu kumwomba mtu apasue kitu alichosifiwa mchana.

"Tungoje," alisema mama mdogo hatimaye. "Si mimi wala si wewe. Ningu wenyewe waamue. Lakini usiondoke, mwanangu. Ukiondoka nitamuuliza nani?"

Nilibaki. Daraja lilikuwa limekwisha kuanza kazi. Pikapu za nyanya zilipita, na dereva wa kwanza alipiga honi vilevile, kwa mazoea. Jioni mama mdogo alikuwa akisuka migono mbele ya nyumba, na kila aliyepita alimsalimia kwa utani uleule. "Mama, sururu umeinoa?" Alijibu, "Sururu hainolewi, we mtoto. Uliza baba yako, kama amewahi kushika." Lakini nilivyomwona, mikono yake ilikuwa inasuka polepole. Mwaka huo mahindi yalikuwa yameungua kwa jua, na ghala lake lilikuwa limebakiza kona. Kama ningu wasingefika bondeni, hakukuwa na kitu cha kuingia katika migono ile.

Mvua ilinyesha alasiri moja, nzito, na kulipokucha kijito kilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulishuka wote. Habari hii haikuhitaji kutangazwa. Watu walikuwa wamekwisha kujaa kingo zote mbili, na mvuvi alikuwa amekaa juu ya daraja, miguu inaning'inia.

Walikuwa wamefika. Chini kidogo ya daraja palikuwa na kidimbwi, na kidimbwi kilikuwa kinachemka migongo. Mmoja alitoka, akapanda kwenye sakafu. Tulimwona vizuri, maana maji hayakumfunika. Mkia ulipiga, ulipiga, akafika karibu katikati ya tao, akasimama palepale akiogelea kwa bidii bila kwenda popote, halafu akageuka ubavu, mweupe, akateremshwa kama kijiko kwenye sahani. Akaja mwingine. Akaja mkubwa kuliko wote. Wote walirudi kidimbwini.

Kisha kijana mmoja akasema kile ambacho naamini wengi walikuwa wamekwisha kukifikiri. "Jamani, si wamejikusanya wenyewe? Leteni matenga!" Na ni kweli, ungeweza kuwachota kama maharage. Hiyo ndiyo hatari ya pili ya kivuko kibovu, nami huwaambia watu mpaka leo: kinachomzuia samaki kinakuwa pia mtego, na kijiji kinakula mbegu yake kwa siku moja, kikiwa na furaha. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kukunja suruali.

"Thubutu," alisema mama mdogo.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshuka na sururu begani. Watu wakampisha. Mvuvi kule juu akavuta miguu yake.

"Shemeji, ngoja nishuke kwanza! Tao halina kosa!"

"Kaa hapohapo. Nani kasema tao?"

Akaingia chini ya daraja, maji yakimpita miguuni. Alisimama katikati ya sakafu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha sisi wote kusikia, "Nilisema nitabomoa. Sikusema cha nani." Akainua sururu.

Niru ilikatika kama ganda la yai. Zege lake lilikuwa jembamba. Pigo la kwanza lilikuwa lake, la pili lake, halafu yule mama mnene mwenye sauti ya tatu akakunja gauni, akaingia na mtaimbo. "Sogea, umekosa pumzi. Hii niliimwaga mimi." Wakafuata wengine. Kwaya nzima iliingia chini ya tao, na kwa kuwa hawakujua kufanya kazi pamoja bila kuimba, wakaimba, na tao likaizidisha sauti mara nyingi hata ng'ombe wa kivuko cha juu wakainua vichwa.

Mimi nilikuwa maji ya magotini nikielekeza. Vipande vyote vya zege vitolewe nje, visiachwe humo. Mawe yarudi, yale yale yaliyoondolewa, yalikuwa bado lundo pembeni. Makubwa yazikwe nusu yasichukuliwe na maji. "Si kwa mstari!" nilikuwa napiga kelele. "Yapishane! Kama watu wanaochungulia sherehe, kila mmoja kwenye pengo la mwenzake." Hilo walilielewa mara moja. Wanaume walioleta matenga ya kuchotea samaki wakayatumia kubebea mawe na mchanga. Yule kijana wa suruali alibeba mengi kuliko wote, na aliendelea kutaniwa mpaka alipooa.

Tulipotoka, tukanyamaza na kusogea mbali, maana samaki huona vivuli. Maji yalikuwa yamebadilika sauti. Badala ya mluzi mmoja yalikuwa yanabugujika, huku na huku, na nyuma ya kila jiwe kulikuwa na duara dogo lililotulia.

Ningu mmoja akapanda. Akafika nyuma ya jiwe la kwanza, akatulia. Akachomoka hadi la pili, akatulia. Nilimwona mama mdogo anahema naye, akishusha mabega kila samaki alipopumzika. Samaki huyo alipotokea upande wa juu wa daraja, mvuvi ndiye aliyemwona wa kwanza, akainama karibu aanguke.

"Kapita!" alipiga kelele. "Shemeji, kapita! Mzima!"

"Nani, samaki au wewe?" watu wakamjibu.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakipiga maji kwa mikia, wakielekea bondeni kwenye majani. Mama mdogo alikaa ukingoni, khanga imelowa, sururu mapajani. "Wabeja," alisema kwa Kisukuma, asante. Na sikujua anamwambia nani, sisi au wao.

Waliposhuka siku zilizofuata, wamemaliza kazi yao, migono yake ilikuwa tayari kule juu mbali na daraja. Haikuwa mizito kama ya zamani za utoto wangu. Ilikuwa mizito ya kutosha, na moshi ulitoka kwenye banda lake hadi mahindi mengine yalipokomaa. Mkutano wa kitongoji ukapitisha kwamba hakuna kutega wala kuchota samaki popote unapoweza kuliona daraja. Mwenyekiti alitaka kuweka kibao cha onyo. Mama mdogo akasema hapana haja.

Hapakuwa na haja kweli. Pembeni, chini ya tao, juu ya mwamba ambako maji hayafiki, aliacha kipande cha ile sakafu ya niru, ukubwa wa mkeka mdogo. Nilipomwambia kipande hicho hakimsumbui samaki yeyote, alifurahi kama msichana. Kila mvua za kwanza aliteremka na kigoda na ufito wa kusukia mgono, akakaa hapo kivulini, miguu juu ya niru yake, akiwaangalia wakipita. Na kila aliposikia hatua za mtu na tenga, alipaza sauti bila kugeuka.

"Nani huyo? Pita juu. Humu chini wana njia yao."